Kilichokuwa Ndani ya Bomba la Baiskeli



Wapendwa wanaparokia, juma hili tunawaalika mpande nasi baiskeli. Tunajua wapo watakaotabasamu, maana wengi wenu mmetuona tukihema kwenye ngazi za mnara wa kengele. Hata hivyo tunaomba uvumilivu wenu. Safari yetu inaanzia mbali, katika vilima vya Umbria nchini Italia, lakini itaishia hapa hapa nyumbani, kwenye meza ya matangazo iliyo kando ya altare yetu. Tunalo jambo linalotuuma, nalo tutalisema bila kuzunguka tutakapofika.

Tulipokuwa masomoni Roma, tulijifunza desturi moja ambayo mapadre wengi wa Afrika waliosoma huko wanaifahamu. Wakati wa kiangazi maparoko wa vijijini huenda kupumzika, na mapadre wanafunzi hutumwa kushika nafasi zao kwa majuma machache. Sisi tulipangiwa kijiji kidogo kilicho juu ya kilima, si mbali na Assisi. Paroko wa pale alikuwa na makanisa matano ya kuhudumia, kila moja katika kijiji chake. Tulipoambiwa hivyo tulijisikia tuko nyumbani, kwa kuwa hata kwetu hayo ni maisha ya kawaida, ila sisi huviita vigango. Paroko alituachia funguo tano nzito za chuma. Gari aliondoka nalo.

Sakristani wa kijiji, mzee aliyekwisha kupita miaka sabini, alituona tumesimama na funguo zile. Akaenda ghalani kwake, akatoka na baiskeli ya marehemu kaka yake, baiskeli ya chuma yenye matairi membamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Akaifuta vumbi, akajaza upepo, akatia mafuta kwenye mnyororo. Yeye mwenyewe alikuwa na yake. Ndivyo tulivyoanza kuzunguka pamoja, padre mmoja mgeni na mzee mmoja mwenyeji, kutoka kijiji hadi kijiji.

Umbria ni mkoa usiogusa bahari. Katikati yake kuna bonde pana la mashamba, na kandokando ya bonde hilo vimepangwa vilima vyenye mizeituni na mizabibu, na karibu kila kilima kimevikwa mji mdogo wa mawe. Assisi umelala kwenye ubavu wa mlima Subasio, ambao unafikia karibu mita 1,300. Ukitelemka kutoka huko kuelekea kusini unafika Spello, ambako kuta na malango ya Warumi wa kale bado yamesimama, na watu wanapita chini yake wakienda kununua mkate. Ukivuka bonde unafika Bevagna, mji wa kale uliokuwa kwenye njia ya Flaminia, barabara ya Kirumi iliyotoka Roma kuelekea pwani ya Adria. Kutoka Bevagna barabara inaanza kupanda kwenda Montefalco, mji ambao watu wa huko huuita roshani ya Umbria, kwa kuwa ukisimama juu ya kuta zake unaliona bonde lote.

Kupanda huko ni takriban kilomita 7, na mwinuko wake unazidi mita 200. Kwa mtu wa gari hiyo ni safari ya dakika kumi. Kwa sisi ilikuwa saa nzima siku ya kwanza, pamoja na kusimama mara tatu kwa kisingizio cha kutazama mandhari. Mzee hakusimama. Alikuwa amehamishia mnyororo kwenye gia nyepesi tangu chini kabisa, kabla mlima haujaanza kumdai, akawa ananyonga pedeli polepole kwa mwendo usiobadilika, kinywa kimefungwa. Sisi tuliuanza mlima kwa fahari, na fahari hiyo ikatuishia kwenye kona ya pili. Juu, alipokuwa akitungoja karibu na bomba la maji la uwanjani, hakusema neno. Alitupisha tu tunywe kwanza.

Baiskeli inamfundisha mtu mambo ambayo gari humficha. Ndani ya gari kilima ni sauti ya injini tu. Juu ya baiskeli kilima kinaingia mapajani na kifuani, nawe unajua kila mita ya njia imelipiwa na nani. Unasikia nyenje kwenye mizeituni, unanusa majani makavu yaliyopigwa na jua, unasikia kengele ya adhuhuri ya kijiji ambacho bado hujakiona. Na katika mteremko unajifunza adabu ya breki: kupunguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake, maana changarawe nyeupe za kando ya barabara hazimwonei haya padre wala mlei.

Lakini kilichotugusa zaidi ni ukimya wa vijiji vyenyewe. Vijana wengi wamekwenda mijini kutafuta kazi. Utakuta kanisa la karne nane, na ndani yake bibi kumi na wawili. Tulipofika Bevagna mzee alituonyesha ukuta wa mbele wa kanisa la Mtakatifu Silvestro, ambako kuna maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe yakitaja mwaka 1195 na jina la fundi mjenzi, Binello. Tukamuuliza, “Na waliotoa fedha?” Akainua mabega. Jina la aliyefanya kazi kwa mikono yake lipo. Orodha ya michango haipo. Kanisa limesimama zaidi ya miaka 800 bila orodha hiyo.

Spello nayo ina desturi ambayo kila Mkatoliki angefurahi kuiona. Usiku wa kuamkia Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, watu wa mji hukesha wakitandika njia kwa petali za maua, wakichora kwa maua hayo picha za Maandiko Matakatifu. Maua yenyewe hukusanywa kwa majuma mengi, na mabibi hukaa vibarazani wakiyachambua rangi kwa rangi. Ni kweli makundi hushindana na zawadi hutolewa, maana binadamu ni binadamu. Lakini asubuhi maandamano ya Ekaristi hupita juu ya kazi ile yote, na hadi jioni kinachobaki ni vumbi la rangi. Bibi aliyechambua petali za njano tangu mwezi uliopita hana mahali pa kuonyesha kidole na kusema, “Hii ni yangu.”

Jioni moja, tukiwa tumepumzika chini ya ukuta wa Assisi, mzee alitutajia jina la Gino Bartali. Tulilisikia kwa mara ya kwanza. Alisema kwa ufupi, kama ilivyokuwa desturi yake, kwamba bingwa yule alipita njia hizi wakati wa vita, na kwamba hakuwa akifanya mazoezi tu. Baadaye tulisoma zaidi, na leo tungependa mjue habari zake.

Bartali alizaliwa mwaka 1914 Ponte a Ema, karibu na Firenze. Alishinda mbio za kuzunguka Italia mara tatu, mwaka 1936, 1937 na 1946, na mbio za kuzunguka Ufaransa mara mbili, mwaka 1938 na 1948. Miaka kumi kati ya ushindi mmoja wa Ufaransa na mwingine, na katikati yake vita vikuu vya dunia. Alikuwa mlei wa Utawa wa Tatu wa Karmeli, mtu wa Misa na Rozari, na waandishi wa michezo walimwita Gino Mcha Mungu, baadhi kwa heshima na baadhi kwa dhihaka.

Septemba 1943 majeshi ya Ujerumani yaliikalia Italia, na Wayahudi wakaanza kuwindwa nyumba kwa nyumba. Huko Firenze Kardinali Elia Dalla Costa aliwafungulia milango ya nyumba za kitawa. Huko Assisi Askofu Giuseppe Placido Nicolini alifanya vivyo hivyo, akisaidiwa na Padre Aldo Brunacci na Mfransisko Rufino Niccacci. Mjini humo humo mpiga chapa Luigi Brizi na mwanawe Trento walichapa vitambulisho vya kughushi, ili waliofichwa waonekane kuwa Waitalia wa mikoa mingine. Palihitajika mtu wa kubeba picha na karatasi hizo kati ya mji na mji, barabara zikiwa zimejaa vizuizi vya askari.

Inasimuliwa kwamba Bartali aliombwa na Kardinali, naye akakubali. Karatasi zilikunjwa na kuingizwa ndani ya mabomba ya baiskeli yake, kisha kiti kikarudishwa mahali pake. Naye alinyonga kutoka Firenze hadi Assisi, zaidi ya kilomita 150 za vilima, akiwa amevaa fulana yenye jina lake. Akisimamishwa, askari waliomtambua walitaka kuzungumza habari za mbio. Aliwaomba tu wasiiguse baiskeli, kwa kuwa kila kiungo chake kimepimwa kwa ajili ya mwendo. Tena aliificha familia ya Kiyahudi, akina Goldenberg, huko Firenze hadi mji ulipokombolewa.

Vita vilipokwisha hakusema. Aliishi hadi Mei 2000, zaidi ya nusu karne, na watu walimjua kwa vikombe vyake tu. Mwanawe alieleza baadaye kwamba baba yake alimfundisha hivi: wema hutendwa, haupigiwi mbiu. Mwaka 2013, miaka 13 baada ya kifo chake, taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa. Na kwa sababu hakuacha maandishi, wanahistoria wanabishana hadi leo juu ya safari zake zilikuwa ngapi, na wapo hata wanaotilia shaka sehemu ya habari za Assisi. Hatuwalaumu, kazi yao ni kudai ushahidi. Lakini tunaona kwamba hiyo ndiyo gharama ya kutenda kwa siri kweli kweli: mtu hukosa hata risiti ya kujitetea.

Wapendwa, tuzingatie jambo moja hapa. Bartali hakuwa mtu asiyejulikana. Alikuwa na jina kubwa, na jina hilo alilivaa kifuani akiwa njiani. Lakini jina lake lilikuwa pazia, na wema ulikuwa nyuma ya pazia. Alitumia sifa yake kuficha sadaka yake. Sisi, mara nyingi, tunafanya kinyume chake: tunatumia sadaka yetu kujipatia sifa.

Sasa tumefika nyumbani.

Mnakumbuka Jumapili ya mavuno ya mwaka jana. Mnakumbuka kwamba baada ya Komunyo tulisimama na karatasi, tukasoma majina ya waliotoa, kuanzia aliyetoa nyingi hadi aliyetoa kidogo, pamoja na kiasi chao. Ilichukua dakika arobaini. Majina ya mwanzo yalipigiwa makofi na vigelegele. Ya katikati yalipigiwa makofi ya kuchoka. Ya mwisho yalipita kimya, watoto wakilia na akina mama wakikusanya kanga zao. Jina la mwisho kabisa lilikuwa la mzee mmoja, fundi baiskeli. Tulisoma: shilingi elfu moja.

Jumapili iliyofuata hakuonekana. Wala iliyofuata hiyo. Tulipomtembelea, alitukaribisha vizuri, akatupa kigoda, akaendelea kuziba pancha ya mteja. Tulimwuliza kama tumemkosea. Akasema, “Baba Paroko, sina kinyongo. Ila wajukuu wangu walikuwapo.”

Tukiwa tumekaa pale, akaja katekista wa kigango cha mbali, anasukuma baiskeli, spoki mbili zimekatika. Mzee akaiacha kazi ya mteja, akaitengeneza ile, akamrudishia. Katekista hakutoa hela wala hakuulizwa. Tulipodadisi tukaambiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa miaka zaidi ya kumi, kwa makatekista wote wa vigango vyetu. Wagonjwa waliopelekewa Komunyo, watoto waliofundishwa, mazishi yaliyoongozwa huko ambako gari la parokia halifiki masika: yote yalipita kwenye spana za mzee yule. Kwenye daftari letu hayapo. Kwenye daftari letu yeye ni shilingi elfu moja, mtu wa mwisho.

Kosa hilo hatuwezi kulitupia kamati ya mavuno. Karatasi ilikuwa mkononi mwetu, na sauti iliyosoma ilikuwa yetu.

Maoni yetu basi ni haya: desturi ya kusoma majina na viwango kanisani imekwisha muda wake, nasi tunataka ikome. Injili ya Jumatano ya Majivu, katika sura ya sita ya Mathayo, tunaisoma kila mwaka tukiwa na majivu kwenye paji la uso, nayo inatuonya juu ya kujitangaza tunapotoa, tunaposali na tunapofunga. Miezi michache baadaye tunasimama mahali pale pale na kupiga tarumbeta kwa kipaza sauti.

Tumekwisha kusikia hoja za kupinga, na ni za watu tunaowaheshimu. Hoja ya kwanza ni uwazi. Wanasema, bila kusoma majina waamini watajuaje fedha zao zimefika? Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni hesabu. Kila atoaye apewe risiti na kadi yake ijazwe. Jumla ya mapato na kila shilingi ya matumizi vibandikwe ubaoni, ili yeyote ahoji. Kinachopaswa kuwa wazi ni matumizi ya parokia, si mfuko wa mjane.

Hoja ya pili ni kwamba Bwana mwenyewe alituagiza mwanga wetu uonekane mbele ya watu. Naam, aliagiza. Lakini lengo la mwanga huo ni watu wamtukuze Baba wa mbinguni. Tujipime kwa uaminifu: baada ya dakika arobaini zile, nani alitukuzwa? Na tumkumbuke yule mjane wa hekaluni katika Injili ya Marko. Bwana aliiona sarafu yake na kuwaeleza wanafunzi, lakini hakumwita mbele, wala jina lake hatulijui hadi leo. Alimsifu bila kumwaibisha, na katika kuwapanga akamweka wa kwanza.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, na inatunyima usingizi. Wanasema, “Baba, tukiacha kusoma majina michango itapungua.” Hatutawadanganya kwamba haitapungua. Inawezekana kabisa ikapungua. Paa la kigango chetu kipya bado halijaezekwa, na ikiwa fedha hazitatosha litasubiri masika mengine, na waamini wa kule watasali chini ya mwembe kama walivyofanya mwaka huu. Tumewaendea, tumewaambia wazi. Kiongozi wao alitujibu kwamba mwembe haujamfukuza mtu. Tunaona aibu kukiri kwamba kanisa letu la matofali limemfukuza mmoja.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tumeukariri usemi huo katika kila harambee, kisha tumeupanga utajiri kwa tarakimu na kuuacha moyo nje ya daftari.

Neno moja kuhusu baiskeli kabla ya kufunga. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na mabingwa wa dunia walihema kwenye vilima ambavyo majirani zetu huvipanda kila siku na mikungu ya ndizi kwenye keria. Tulifurahi kuona chombo hicho kikipewa heshima. Basi nanyi wenye magari na pikipiki, mnapomkuta mtu wa baiskeli kwenye kilima chetu cha sokoni, mpeni nafasi na msimpigie honi mgongoni. Hamjui amebeba nini. Huenda ni katekista aliyebeba Ekaristi Takatifu kwa mgonjwa. Askari wa vizuizi vile vya mwaka 1943 nao hawakujua.

Juma hili tunaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijadili maswali mawili. Kwanza, ni nani miongoni mwetu anayelitumikia Kanisa kwa kazi ambayo haijaandikwa popote? Pili, ni tendo gani jema tungeendelea kulifanya hata kama hakuna atakayejua? Halmashauri ya Walei itakutana mwisho wa mwezi, nasi tutaleta pendekezo letu mbele yake. Wale wasiokubaliana nasi waje, wazungumze kwa uhuru wote.

Ama kuhusu mzee wetu fundi, hadi tunapoandika haya hajarudi kanisani parokiani. Tumesikia kwamba Jumapili mbili zilizopita alionekana chini ya mwembe wa kigango, kilomita tisa kutoka kwake, amefika kwa baiskeli. Hatukwenda kumtangazia msamaha wala kumpiga picha. Lakini Jumapili ijayo zamu ya Misa ya kigango ni yetu, na gari tutaliacha. Tumekwisha kumpelekea baiskeli ya parokia aitazame breki, na safari hii tutalipa.

Mungu awabariki, na Mama Bikira Maria awasindikize njiani.

Paroko wenu